Nyumba ya Kaari Inatoa Jasho

Nkirote ndiye aliyeniambia, pale bombani, mtungi wake haujajaa hata nusu, ati Kaari ana kifua kikuu na amejifungia ndani ya nyumba ya baridi ili asioze haraka.

"Kama nyama ya buchari," alisema. "Si unaona vile anaishi? Madirisha hayafunguki, mlango ukiingia unafungwa nyuma yako. Kisha akitoka mlangoni ni kukohoa tu, kho kho kho, mpaka kuku wanakimbia. Na wewe Mama Kajuju unaenda huko na mtoto mgongoni. Shauri yako."

Wenzake walicheka. Mmoja akasema si ugonjwa, ni marehemu mumewe anayelia ndani ya kuta, kwa sababu nyumba iliombewa haraka haraka, mchungaji akiwa anangojewa kwenye mazishi mahali pengine. Mwingine akasema wote wamekosea, huo ni uvivu. Mama akishajengewa na mtoto aliyeko Arabuni hata kupanguza ukuta kunamshinda.

"Chagueni moja basi," nikasema. "Ni ugonjwa, ni marehemu, ama ni uvivu?"

"Ni zote," akajibu Nkirote, na wakacheka tena.

Niliondoka na mtungi wangu kabla haujajaa vizuri. Hasira ilinishika hata uzito wa maji sikuusikia. Hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wale waliosimama bombani ambaye Kaari hakumpelekea uji wa wimbi alipojifungua. Nkirote mwenyewe alipojifungua mapacha, ni Kaari aliyelala kwake sakafuni hadi kitovu cha wa pili kikaanguka. Sasa amekuwa nyama ya buchari.

Namwandika hapa kwa jina lake, Kaari, ingawa usoni pake namwita Mama Kiambi, maana ana umri wa kunizaa. Mimi ndiye ninayemfulia nguo. Kwa hiyo sina haja ya kuambiwa na mtu bombani kilichoko nyuma ya kabati lake.

Kaari alizaliwa Kiirua, kule juu kwenye viazi na ngano, mahali ambapo watu hawavui sweta mpaka jua lifike utosini. Aliolewa huku Mitunguu na mtu wa ndizi aliyeitwa Muthamia. Siku aliyoletwa, alishuka kwenye lori akadhani lile joto ni la injini, akasimama kando angoje lizimwe. Lori likazimwa, likaondoka, joto likabaki. Muthamia alimcheka kwa hilo mpaka siku zake za mwisho. Hata akiwa mgonjwa kitandani alikuwa akimwita, "Kaari, hebu nenda uzime lori."

Alizoea kila kitu cha huku. Alizoea mbu, akazoea kuamka ikifika zamu yake ya maji ya shamba, akajua kuchagua chipukizi za migomba kwa kuzitazama tu. Joto ndilo hakulizoea. Jioni aliketi nje, miguu yake ndani ya karai la maji, akisema, "Mungu akinipenda kweli, kabla sijafa atanirudishia baridi yetu." Alilisema hilo mbele ya watoto wake, kama vile mama yeyote husema neno bila kujua ni nani analichukua. Aliyelichukua alikuwa kitinda mimba, Kiambi.

Kiambi alipokua akaenda Doha, akapata kazi ya kupokea wageni kwenye hoteli kubwa. Muthamia alikuwa ameshafariki. Kiambi akasema mama yake hatakufa bila kuionja ile baridi aliyoiomba. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanapenda kumfanya Kiambi kuwa mtu wa majivuno. Ile nyumba ilijengwa kwa upendo, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Kitu kibaya ukiletewa na adui unakitupa. Ukiletewa na mtoto wako utakitupa wapi?

Nyumba ilijengwa kwa simu. Kontrakta mmoja wa Meru mjini, jina lake Mwenda, alikuwa akizungusha simu yake huku na huku, na Kiambi yuko Doha anasema inua hapo, shusha pale. Madirisha yakawekwa vioo vikubwa visivyofunguka, kwa maana kule Kiambi aliko hakuna mtu anayefungua dirisha. Lakini kule aliko, nje ni mchanga na lami. Hapa nje ni migomba, kati ya migomba kuna mfereji, na ikifika zamu ya maji mipira ya kumwagilia hunyunyiza mpaka ukutani. Dari ikawekwa jipsamu. Sakafu ikafunikwa kapeti kutoka ukuta hadi ukuta. Na kila chumba kikatundikiwa mashine ya baridi, nyeupe, yenye taa ya kijani kama jicho la paka.

Siku ya kuingia tulifurika wote. Hata Nkirote alikuwako. Tena yeye ndiye aliyekimbilia kiti cha chini ya mashine, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akasema, "Niacheni na mimi nionje Ulaya." Tuliimba. Kiambi akapiga simu, akauliza, "Mum, baridi imetosha?" Kaari akalia mbele za watu, akasema, "Ni Kiirua kabisa, mwanangu. Umenirudisha kwetu."

Mvua ya kwanza iliponyesha, kuta zikaanza kutoa jasho.

Nani hajaona chupa ya soda ikitolewa kwa friji na kuwekwa juani? Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Ndani baridi, nje joto lenye maji, na kila mlango ulipofunguliwa lile joto liliingia likagandama ukutani na kuwa matone. Kaari aliyapangusa asubuhi, yakawa yamerudi mchana. Kisha nyuma ya kabati pakatokea vidoa vyeusi kama pilipili iliyosagwa. Vikaungana. Vikapanda. Viatu vyake vya kanisani vikaota manyoya ya kijani. Godoro ukiliinua, chini yake limelowa kama mtoto amelikojolea. Na harufu yake, ukiwa umewahi kufungua gunia la maharagwe yaliyonyeshewa, unaijua.

Nilifua nguo zile, nikazianika juani zikakauka zikinukia sabuni, nikazikunja kabatini. Wiki iliyofuata nikizitoa ni kama sikuzifua. Tulisugua kuta kwa jiki mpaka vidole vikachubuka. Palikuwa na mahali, chini ya mashine ya chumbani kwake, ambapo ukuta ulikuwa laini hata ungeweza kutoboa plasta kwa kidole gumba.

Kaari akampigia Mwenda. Alikuja baada ya kubembelezwa sana, na viatu vyake vyenye ncha, akatazama ukuta kama mtu anayetazama kosa la mtoto wa jirani.

"Mama, unapika humu ndani?"

"Napika. Si ni jikoni umenijengea?"

"Na unaoga maji moto?"

"Naoga."

"Na nguo unaanika ndani?"

"Naanika nje. Muulize huyu."

Nilikuwa nimesimama pale na beseni. Mwenda hakuniuliza. Alizunguka zunguka, akagonga ukuta, akasema, "Basi ni pumzi. Watu wa mashambani hawajazoea nyumba ya kisasa, wanapumua sana. Ile pumzi ndiyo inakuwa maji."

Kaari akamgeukia. "Sawa, mwanangu," akasema. "Kuanzia leo nitakuwa napumulia nje."

Mimi nikauliza maji yanayotoka kwa mashine yanakwenda wapi, maana sikuwahi kuona paipu ikitokea upande wa nje. Mwenda akajibu bila kunigeukia kwamba paipu imepitishwa ndani ya ukuta, ili nyumba isionekane vibaya. Ndani ya ukuta! Yaani yale maji yote ya mashine yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta wa chumba anacholala mtu, kusudi watu wa barabarani wasione paipu. Kisha ni Kaari aliyeambiwa anapumua sana. Mwenda akaleta vijana wakapaka rangi juu ya ule weusi, akapiga picha, akaituma Doha. Ile rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na kabla ya mwezi kwisha weusi ulikuwa umetokeza tena kichwa.

Wakati huo ndipo Kaari alipoanza kukohoa. Shambani alikuwa mzima, tulikuwa tukikata ndizi pamoja naye anapiga hadithi tangu mgomba wa kwanza hadi wa mwisho. Akiingia ndani, kifua kinaanza kupiga filimbi. Jumapili moja alivaa kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, na mimi nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi kwa mkono wangu, lakini kilikuwa kimelala kabatini. Kilikuwa na vidoa vyeusi pembeni. Niliwaona wanawake wa benchi la nyuma wakionyeshana kwa macho. Baada ya ibada mwenyekiti wao akamwita kando, akamwambia kwa sauti ya asali, "Mama Kiambi, umetumika sana. Wacha wengine wapakue chai, wewe pumzika." Kaari amepakua chai katika kanisa hilo tangu likiwa la mabati. Alikwenda akaketi, vidole vyake vikitafuta kitu cha kushika.

Tangu hapo akaacha pia kumshika Kajuju. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Kajuju wangu alizaliwa na kifua kidogo, kila baridi ikipita inamwachia kikohozi, na Kaari ndiye aliyekuwa akimpakata juani nikifua. Sasa nikifika alikuwa akificha mikono nyuma kama mwizi. "Nguo zangu zinanuka, Mama Kajuju. Mweke huko nje kwa mpapai. Asivute hii hewa." Mtoto akimnyooshea mikono, yeye anaangalia pembeni. Na watu wakasema, mnaona, amekuwa mtu wa maringo, hata watoto hashiki tena.

Tulikwenda hospitali mimi na yeye. Aliyetupokea alikuwa daktari msichana, mpole, akampima makohozi, akampiga picha ya kifua. Hakuna kifua kikuu. Hakuna hata dalili yake. Akauliza, "Shosho, nyumbani unalala mahali pa namna gani?"

"Pazuri sana," akasema Kaari. "Nimejengewa na mtoto wangu."

Daktari akanigeukia mimi. Nikasema yote, ya kabati, ya godoro, ya ukuta unaotobolewa kwa kidole. Kaari aliangalia sakafu kama ninamsengenya. Daktari akasema ile kuvu ndiyo inayomziba pumzi, na dawa atampa, lakini dawa haiwezi kushindana na nyumba. Ahame chumba kile, afungue madirisha, nyumba ikauke.

"Hayafunguki," nikasema.

"Dirisha lisilofunguka ni la kazi gani?"

"Ni la kuangalia," akajibu Kaari, na daktari akacheka, na Kaari mwenyewe akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Njiani nilimwambia awaonyeshe wanawake wa kanisa karatasi ya hospitali. Akasimama katikati ya njia. "Nizunguke na makohozi yangu nyumba kwa nyumba? Eti njooni muone mimi ni safi?" Nikamwambia basi amwambie Kiambi. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Wewe bado ni mtoto. Sikia. Mtoto akikujengea nyumba, ukatoka humo ukiwa hai, umemlaani. Hata usiposema neno. Kutoka kwako ndiko kusema. Nyumba zingine zote atakazojenga zitakaa bila mtu. Kiambi hajaoa. Unataka nimfungie mlango wa nyumba yake kabla hajaufungua?"

"Na ukifia humo?"

"Nikifia humo nitakuwa nimekufa kwa mtoto wangu. Kuna ubaya gani?"

Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Binti yake aliyeolewa Kibugu alimwita akakae kwake kwenye mashamba ya majani chai, akakataa kwa sababu hiyo hiyo. Ikifika saa ya mapumziko ya Kiambi huko Doha, simu ikilia, nilimwona akipangusa kipande kimoja cha ukuta wa sebuleni, kile kisafi, akiketi mbele yake wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. "Baridi iko, mwanangu. Niko sawa. Naona hata nimenenepa." Akikata simu, mabega yanashuka, anakohoa kikohozi chote alichokuwa amekimeza. Nilikuwa nakasirika na Mwenda, nakasirika na mwenyekiti wa kanisa, nakasirika na Kiambi kwa kuuliza juu ya baridi tu kila siku ya Mungu, na siku zingine nakasirika na Kaari mwenyewe, maana alikuwa anajizika taratibu na mimi ndiye niliyekuwa namfulia sanda.

Baada ya zile mvua zilizonyesha bila kupumzika, nilikwenda mchana na nguo zilizokauka. Jua lilikuwa kali, mvuke unapanda kutoka ardhini. Nikaita, kimya. Nikasogea kwenye kioo. Kaari alikuwa ameketi sakafuni upande wa ndani, kiganja chake kikiwa kwenye kioo, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Juu yake mashine inapuliza, taa ya kijani inawaka.

Nilikimbilia mlango. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mbao zilikuwa zimevimba kwa ule unyevu, mlango umebana kwenye fremu kama jino. Kumbe alikuwa ameuvuta mpaka nguvu zikamwisha. Nilimweka Kajuju chini kwenye nyasi, akaanza kulia, nikasukuma kwa bega. Haukusogea. Nikapiga mayowe.

Aliyetokea alikuwa Nkirote, kutoka shambani kwake, panga mkononi. Akaona kupitia kioo, akasimama mbali, akavuta leso akajifunika pua.

"Mama Kajuju, toka hapo! Utaambukizwa!"

Sijawahi kumpigia kelele mtu mkubwa kuliko mimi. Siku hiyo nilipiga. "Hiyo leso uitoe kwa pua na uje usukume! Alilala kwako sakafuni na damu yako ikiwa mkekani, akajifunika pua? Kuja usukume!"

Alikuja. Sijui ni aibu au ni woga, lakini alikuja, akaingiza panga kwenye ufa, tukasukuma pamoja, mlango ukapasuka kwa sauti ya mti. Tulimbeba Kaari, mmoja kwapani na mmoja miguuni, tukamtoa mpaka nyuma, mbele ya jiko lake la zamani la mbao ambalo sasa lilikuwa la kuku, tukamketisha mgongo ukiegemea nguzo. Nilimpa ile dawa ya hospitali, ya kupuliza mdomoni. Joto likamfunika. Taratibu ile filimbi ya kifuani ikashuka, ikawa pumzi.

Nkirote alikwenda ndani kuleta maji ya kunywa. Akakawia. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu.

"Nimeingia chumbani," akasema. "Nimeona nyuma ya kabati." Akatazama kikombe kama hajui ni cha nini. "Mama Kiambi, umekuwa ukilala na kile kitu?"

"Nalala nacho. Hakikoromi," akasema Kaari, sauti ikiwa ndogo.

"Na sisi tulikaa humo tukaimba," akasema Nkirote. Kisha akanigeukia, mkali, ni kama mimi ndiye mwenye makosa. "Kwa nini hukutuambia?"

Nilikuwa na jibu refu la kumpa, na la bombani lote ningelilipa siku hiyo, lakini simu ililia mfukoni mwa Kaari. Ilikuwa Kiambi. Kaari akaipapasa, akitaka kuinuka aende kwenye ukuta wake msafi. Niliichukua mkononi mwake. Sikumwomba ruhusa. Niliishika simu nikaingia nayo ndani.

"Mum? Mum, mbona uko gizani?"

"Si mama. Ni Mama Kajuju anayemfulia. Angalia."

Nikamwonyesha. Nikasogeza kabati kwa goti nikamwonyesha ukuta, nikainua godoro nikamwonyesha chini, nikasukuma kidole gumba ndani ya plasta mbele ya macho yake mpaka kikazama. Nikamwonyesha mlango uliopasuka na nikamweleza kwa nini umepasuka, na habari ya paipu iliyofichwa ukutani.

"Mbona hakuniambia?" akasema Kiambi. "Kila siku namuuliza."

"Unamuuliza kama kuna baridi. Hujawahi kumuuliza kama anapumua."

Nilisikia akivuta pua, na moyo ukanilegea kidogo. Kisha akakohoa akaanza kusema kama mtu wa hoteli. Akasema kuna mashine nyingine, ya kufyonza unyevu, atatuma wiki hii hii, na atamlazimisha Mwenda aing'oe paipu hiyo kwa meno yake. Wakati huo nilikuwa nimetoka nje, na Kaari akasikia.

"Anasema nini?"

"Anasema ataleta mashine ya kukausha ile mashine."

"Nipe simu."

Aliishika kwa mikono miwili. Hakupanguza uso, hakunyoosha mgongo. Kiambi akamwona alivyo, nywele zimetawanyika, kuku mmoja amesimama kwenye miguu yake.

"Kiambi. Nyumba yako ni nzuri, na nitaitunza. Utairekebisha ukija, utatoboa madirisha, utaoa, utaleta bibi yako humo. Lakini mimi sijahamia humo."

"Mum, umekaa humo tangu mwaka juzi."

"Nimelala humo. Hata wageni hulala. Mama yangu aliponitoa kwetu aliniambia mwanamke anakaa mahali mafiga yake yako. Humo umeniwekea gesi, na nakushukuru, lakini gesi haina mafiga. Mafiga yangu yako hapa nyuma yangu, vile baba yako aliyapanga. Hakuna mtu aliyeyang'oa."

Kiambi akauliza kwa sauti ya mtoto, si ya mtu wa Doha, "Kwa hivyo si kunikataa?"

"Ningekukataa ningehama. Sasa mtu atahamaje mahali ambapo hajaingia?"

Hata mimi sikujua kama aliijua hoja hiyo zamani, au ilimjia pale pale akiwa ameegemea nguzo. Sikuuliza. Kiambi alisema, "Sawa, Mum," mara mbili, na ya pili ilikuwa kama ya mtu aliyeshushwa mzigo. Nkirote naye hakungoja simu ikatwe. Alikuwa ameshaingia katika lile jiko, anafukuza kuku kwa leso ile ile, anasukuma vinyesi nje kwa mguu, akiwatukana kuku na ukoo wao wote.

Nilimwinua Kajuju kutoka kwenye nyasi. Alikuwa amechoka kulia. Kaari alimtazama, kisha akanishika kwenye kiwiko akanivuta karibu.

"Mama Kajuju, mafiga yangu yamepoa, hata majivu yamekuwa ya kuku. Nenda kwako uniletee moto. Sitaki kibiriti, kibiriti ni cha duka. Nichotee kaa linalowaka kutoka kwa jiko unalopikia huyu mtoto uji, ulilete kwa kigae, na njiani usisimame na mtu." Akatupa jicho kule vumbi lilikokuwa likitoka. "Na usimpe Nkirote abebe. Atalizima kwa maneno."